SIMU YA WAYA AU SIMU YA MKONONI: NI IPI ITAKAYOMWITA MGANGA USIKU?

Unapokwenda posti ya usiku unabeba kofia, viatu vya kazi, chakula, na simu yako mfukoni. Vema. Lakini jiulize: nyumbani imebaki simu gani? Mtoto akishikwa na degedege saa saba ya usiku, bibi yako atamwita nani, na kwa chombo gani?

Watu wengi wanasema: «Siku hizi kila mtu ana simu, shida imekwisha.» Sivyo. Simu za watu ni nyingi, lakini simu ya nyumba imepotea. Tufikiri pamoja juu ya jambo hili, maana linagusa maisha ya jamaa yako.

SIMU YA WAYA ILITUSAIDIA NAMNA GANI

Zamani simu ya waya ilikuwa hasa katika maofisi, katika hospitali na katika nyumba za wakubwa. Ilikuwa na sifa tatu ambazo hatupaswi kuzisahau.

Ya kwanza: haikutembea. Ilikaa mahali pamoja, na kila mtu wa nyumba, mkubwa kwa mdogo, alijua ilipo.

Ya pili: ilileta umeme wake yenyewe. Sentrali ya simu ilikuwa na bateri kubwa zilizopeleka umeme wa volti 48 hivi ndani ya waya wa shaba. Kwa hiyo hata taa za mji mzima zikizimika, simu ya waya iliweza kuendelea kufanya kazi. Shaba ile ile tunayoichimba ndiyo iliyobeba sauti na nguvu kwa pamoja.

Ya tatu: haikuwa na mwenyewe mmoja. Haikufungwa kwa kodi ya siri. Mtoto wa miaka sita aliweza kuinua mkono wa simu na kupiga numero aliyofundishwa.

Lakini tusiisifu kupita kiasi. Waya wa shaba ulikuwa mali, na wezi walijua hivyo. Tangu miaka ya 1990 nyuzi nyingi za nchi yetu ziliibwa au zilioza bila kutengenezwa. Tena, wakati wa mvua za radi simu ya waya ni hatari: radi ikipiga karibu, nguvu yake inaweza kufuata waya mpaka sikioni mwa mtu anayezungumza. Sisi tunaokaa katika nchi ya radi nyingi, tuikumbuke kanuni hii: radi inapopiga, usishike simu yenye waya. Simu ya mkononi haina hatari hiyo, ila kama umeiunganisha na waya wa kutilia umeme.

SIMU YA MKONONI: NGUVU ZAKE NA UDHAIFU WAKE

Simu za mkononi zilifika Kinshasa katika miaka ya 1980 na kampuni ya Telecel, nazo zilikuwa za matajiri. Baada ya mwaka 2000 zilienea mpaka vijijini. Leo mchuuzi wa soko, mwanafunzi na mzee wa kijiji wanazo. Tangu 2012, kwa M-Pesa, simu pia imekuwa mfuko wa fedha. Hakuna anayetaka kurudi nyuma, na sababu tunaijua.

Hata hivyo simu hii ina udhaifu wa namna nne, na kila mmoja unaweza kuua.

Inaondoka na mwenyewe. Baba akienda kazini na simu, ameondoka pia na numero za hospitali, na labda na fedha za kulipia motokari ya usiku.

Inategemea bateri. Simu kubwa ya kioo humaliza umeme wake kwa siku moja hivi. Umeme ukikatika kambini tangu asubuhi, usiku simu zote za nyumba zinaweza kuwa zimekufa pamoja.

Inategemea antena. Antena nayo inahitaji umeme, na bateri zake au mafuta ya mashine yake yakiisha, rezo inapotea. Huko Puerto Rico, dhoruba Maria ya Septemba 2017 ilizimisha karibu antena 95 kwa kila 100 za kisiwa kizima. Watu walikuwa na simu mikononi na hawakuweza kumwita mtu.

Inafungwa. Kama kodi ya siri anaijua baba peke yake, simu iliyo mezani ni sawa na jiwe.

WENGINE WANAFANYA NINI

Katika Marekani zaidi ya watu wazima 7 kwa kila 10 wanaishi katika nyumba zisizo na simu ya waya. Ufaransa imeanza kufunga nyuzi zake za shaba, na inataka kumaliza mwaka 2030. Uingereza imekusudia kufunga simu zake za waya za zamani Januari 2027.

Kama una ndugu Paris au London, mwambie jambo hili: simu ya nyumba anayopewa sasa inapita katika kisanduku cha intaneti. Kisanduku hicho kinakula umeme wa nyumba. Umeme ukikatika, simu imekatika. Ndiyo sababu Uingereza imewaamuru wenye kampuni za simu wawape watu wanaotegemea simu hiyo njia ya kuita msaada kwa muda wa saa moja angalau wakati umeme umekatika. Basi hata huko, kuwa na simu ya mezani si kinga tena peke yake.

FUNDISHO LA MGODI

Sisi watu wa mgodi tuna majibu tayari, maana mgodini mtu hujifunza kwa bei kali.

Chini ya udongo simu yako ya mfukoni haikusaidii. Mwamba unazuia mawimbi yake. Ndiyo maana simu ya waya ingali imetundikwa kwenye galeri.

Tarehe 5 Agosti 2010, katika mgodi wa San José huko Chile, mwamba ulianguka na kuwafungia watu 33 kwenye kina cha mita 700 hivi. Siku ya 17 chombo cha kutobolea kiliwafikia. Siku iliyofuata waliteremshiwa simu yenye waya ndani ya tundu hilo jembamba, na sauti zao zikasikika juu. Wote 33 walitolewa wazima tarehe 13 Oktoba.

Lakini tazama upande wa pili. Tarehe 2 Januari 2006, katika mgodi wa Sago huko Marekani, gesi ililipuka na waya wa simu ukaharibika. Waliofungiwa ndani hawakuweza kuzungumza na watu wa juu, wala watu wa juu hawakujua walipo. Wafanyakazi 12 walikufa. Mwaka ule ule sheria mpya ilitoka: kila mgodi wa makaa ya mawe wa chini ya udongo uwe na njia zaidi ya moja ya kuzungumza na watu wa juu, na ndani ya miaka 3 uwe na njia isiyotegemea waya.

Unaona? Waya uliwaokoa wa Chile, na waya uliwatupa wa Sago. Kwa hiyo swali la «waya au mkononi» halitoshi. Swali la mtu mwenye akili ni hili: njia ya kwanza ikikatika, ya pili iko wapi?

FANYA HIVI NYUMBANI KWAKO

Kama nyumba yako, ofisi yako au dispansere ya mtaa wako ingali na simu ya waya inayofanya kazi, usiikate kwa sababu tu kila mtu ana simu mfukoni. Iache, na uijaribu kila juma. Kama huna, na wengi wetu hatuna, basi rudisha sifa zake kwa njia hii:

1. Tenga simu moja iwe ya nyumba. Simu ndogo ya vifungo inatosha: bei yake ni nafuu na bateri yake hukaa siku nyingi. Hiyo haiendi sokoni wala kazini.

2. Ipe mahali pake, juu ukutani au kwenye kabati, na isitoke hapo. Isiwe na kodi ya siri.

3. Itie umeme kila unapopatikana, usingoje iishe. Usiitie umeme chini ya mto wala juu ya godoro. Bateri iliyovimba usiitoboe, ibadilishe.

4. Weka unite kidogo, na piga simu moja kila juma. Numero isiyotumika muda mrefu inafungwa.

5. Kama simu inapokea kadi mbili, weka za kampuni mbili tofauti. Antena moja ikianguka, nyingine inaweza kusimama. Sauti ikikataa kupita, tuma ujumbe mfupi.

6. Andika numero kwa wino juu ya karatasi na uibandike ukutani: hospitali, dispansere, zimamoto ya kampuni, ofisi ya posti yako, jirani mwenye motokari. Karatasi haihitaji bateri.

7. Fundisha watoto numero mbili kwa kichwa, na namna ya kusema: mimi ni nani, niko mtaa gani, nyumba numero ngapi, kuna nini. Asikate simu kabla ya kuambiwa.

8. Acha nyumbani fedha kidogo za safari ya usiku, mahali ambapo bibi yako anapajua.

Na kama mtoto ameshikwa na degedege, mama asipoteze dakika akitafuta rezo nje. Amlaze mtoto ubavu, asimtie kitu chochote kinywani, amtume jirani kwa miguu huku mwingine akipiga simu. Miguu nayo ni njia.

Ndugu mfanyakazi, kazini hukubali kushuka bila kujua mlango wa pili wa kutokea. Watu wako nyumbani nao wanastahili mlango wa pili. Simu ya vifungo, karatasi na kalamu: gharama yake ni ndogo kuliko usiku mmoja wa kulia msibani.

Tahadhari kabla ya hatari.