Oya Dokta, wa Kisu au wa Vidonge?

Kila nikirudi Moro likizo, sipiti kijiwe cha bodaboda cha Mji Mpya bila kutupiwa swali. "Oya dokta, we utakuwa wa kisu au wa vidonge?" Masela hawataki maelezo. Kwao udaktari una timu mbili kama Simba na Yanga, na ukisema hujaamua wanakuona muoga.

Nyumbani ndio noma kabisa. Sisi Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ana neno zito kuliko dingi. Na anko wangu keshapitisha: kisu. "Wa vidonge hata muuza duka la dawa anaweza," anasema, huku kijiko cha tatu cha sukari kinazama kwenye chai. "Anayepasua ndiye dokta."

Nacheka, ila hata chuoni akili zetu ziko hukohuko, tofauti koti jeupe tu. Mwaka wa kwanza uliza darasa nani anataka sajari, mikono inapaa kama kuna mtu katangaza ofa ya chipsi mayai. Medisini, yaani magonjwa ya ndani, wanaachiwa wapiga msuli wa viti vya mbele, wale wanaokesha na madesa. Mwenye kisu ni bishoo: kofia ya kijani, barakoa, picha ya profaili imeisha.

Kabla hujachagua timu, ijue ligi. Bongo MD ni miaka 5. Baada ya hapo mwaka mmoja wa intani, unazungushwa kote: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wazazi. Ndipo uje kwenye ubingwa, MMed, miaka 3 au 4 kutegemea chuo na fani. Ukitaka kuzama kwenye moyo, figo au ubongo, unaongeza mingine. Wa kisu wana mlango wa pili pia, COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Kilianza 1999, makao yake Arusha, ila hukai darasani: unafundwa ukiwa kazini, kwenye hospitali waliyoikubali. Kwa hiyo mwanangu wa PCB pale sekondari ya Mzumbe au Kilakala, punguza presha. Bumu lenyewe hujalionja, kisu utakichagulia wapi?

Kama ni misifa, timu zote zina vikombe. Marehemu Profesa Philemon Sarungi alikuwa mpasuaji wa mifupa, akafika hadi uwaziri wa Afya na wa Ulinzi. Upande wa pili kuna Profesa Julie Makani, daktari wa damu, aliyepata tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2011 kwa kazi yake ya selimundu. Na Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza taasisi ya moyo ya JKCI na mwaka 2025 akakabidhiwa WHO kanda ya Afrika, naye ni wa ndani. Halafu usidhani wa moyo anaandika vidonge tu. Anapitisha waya kwenye mshipa mpaka kwenye moyo wako, hajakupasua kifua. Masela wa kijiweni hapo hawana timu ya kumuweka.

Mimi aliyenifungua macho siyo profesa, ni mlima. Nenda asubuhi Soko Kuu la Chifu Kingalu uone watu wanavyoshuka Uluguru: ndizi za Kinole, mboga za Mgeta, mizigo ambayo wewe ukibebeshwa utalia. Mchukulie jamaa mbeba ndizi aliyetokwa na ngiri. Anashuka, anapasuliwa, anashonwa, anapumzika wiki kadhaa, anapanda kwao. Mchezo umeisha, na mpasuaji ameona mwisho wake kwa macho.

Sasa mchukulie bi mkubwa wa kijiji hichohicho mwenye presha. Haimuumi popote. Amepewa vidonge, anajisikia freshi, halafu unamwambia arudi mwezi ujao, na mwezi mwingine, na masika barabara ikiwa utelezi mtupu, nauli juu yake. Kisu kinamshusha mtu mlimani mara moja, vidonge vinamshusha kila mwezi. Anko anadhani kazi ya huyu dokta ni kuandika jina la dawa. Kazi yenyewe ni kumfanya bi mkubwa aone sababu ya kushuka safari ya arobaini, wakati haumwi. Hiyo muuza duka haiwezi, na kusema kweli madokta wengi pia hatuiwezi.

Najua utanijibu: vipi mambo yakichafuka? Hapo si kisu tu? Moro tuna jibu, na hatulitaji kwa utani. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliofariki, pale na baadaye hospitalini, walipita 100. Majeruhi walijaa hospitali ya mkoa, wengine wakakimbizwa Muhimbili, mwendo wa kilomita karibu 200.

Nilipofika kwenye somo la majeraha ya moto nikaona kitu ambacho kijiweni hakisemwi. Masaa ya mwanzo, kinachomshikilia mtu ni maji ya dripu. Kuna hesabu inaitwa Parkland: mililita 4, mara kilo zake, mara asilimia ya mwili iliyoungua. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 40 anahitaji karibu lita 10 kwa siku moja, nusu yake ndani ya masaa 8 ya kwanza tangu aungue. Ukichelewa, figo zinagoma. Ukizidisha, mapafu yanajaa. Mpasuaji anaondoa ngozi iliyokufa na kupandikiza nyingine, lakini kati ya visu viwili kuna siku nyingi za mkojo unaopimwa kila saa, vijidudu na chakula. Mpasuaji mkali wa moto lazima awe na kichwa cha wa ndani.

Na moto huohuo una upande wa pili, hukohuko mkoani kwetu, juu Mahenge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, dokta wa kike kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta kule watu wengi wenye kifafa. Walikuwa wanatengwa, wanalishwa kwenye vyombo vyao peke yao kwa hofu ya kuambukiza. Mtu akianguka karibu na jiko, hata ndani ya moto, wengine waliogopa kumgusa. Makovu yalikuwa mengi. Unaweza kukata kovu, ukapandikiza ngozi, ukanyoosha mkono uliokunjamana, kazi safi kabisa. Kesho anaanguka tena. Jilek-Aall akafungua kliniki na kugawa dawa ya bei chee, phenobarbital, na degedege likapungua kwa wengi. Akaandika pia kuhusu watoto waliokuwa wakitikisa vichwa, jambo ambalo watafiti wa miaka ya baadaye walikuja kulihusisha na ugonjwa wa usubi. Kidonge kimoja kila siku, na mtu anakaa mbali na moto.

Sasa jipime, bila ubishoo. Unaweza kusimama masaa sita, mkojo umekubana, mgongo unawaka, na mikono bado imetulia? Mgonjwa akikufia mezani, utanawa na kumfungua anayefuata kwa adabu ileile? Kama moyo unasema ndiyo, kisu kinakuita. Na sista unayeambiwa sajari ni ya wanaume, kausha: fundo halijui nani kalikaza.

Au wewe ndiye yule ambaye homa ya wiki mbili isiyo na jina inakupa mzuka badala ya stresi? Unabuni, unapima, unakubali umekosea, unaanza upya. Unaweza kumwambia mzee mmoja maneno yaleyale mara ya kumi bila kumaindi? Basi nenda ndani. Kila njia ina michosho yake. Chagua michosho ambayo hata ukiwa hoi utairudia kesho.

Ukitupwa wilayani, hiyo mijadala unaiacha Msamvu stendi. Usiku unamfanyia mama oparesheni ya uzazi, asubuhi unafungua kliniki ya sukari. Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 nchi iliwafundisha madaktari wasaidizi kushika kisu. Wapasuaji walikuwa wachache, wajawazito hawangojei ubingwa, na kina mama wengi wa vijijini wamejifungulia mikononi mwao.

Likizo iliyopita anko akanituma ndani nimletee miwani. Kabatini, juu ya miwani, nikaona kadi yake ya kliniki ya presha. Tarehe ya mwisho ilikuwa ya miezi mitano nyuma, na pakiti ya vidonge imeliwa nusu. Nikamuuliza. "Nilikuwa najisikia vizuri, mjomba," akasema, mkono unaenda kwenye sukari.

Jioni nikapita kijiweni, swali likaja kama kawaida. Nikamwambia boda wa kwanza kwenye foleni, "Kesho saa moja asubuhi njoo nyumbani, tunampeleka anko kliniki. Na mwezi ujao tarehe hiyohiyo."

"Kila mwezi?" akauliza.

"Kila mwezi, mwanangu."

Akatoa simu, akaandika tarehe.