Till, Pochi au nambari yako: ipi inakula kidogo?

Muuza viazi karai wa Likoni, fundi cherehani wa Chaani kule Changamwe na muuza samaki wa Kisauni, wote wa Mombasa, hulipwa kwa simu. Ila njia za kulipwa ni tatu, na kila moja ina wa kumkata. Viwango vifuatavyo ni vya M-Pesa vya tangu Julai 2023. Hakikisha havijabadilishwa.

Nambari ya kawaida. Mteja akikutumia hadi shilingi 100 hakatwi. Zaidi ya hapo hadi 500 anakatwa 7, hadi 1,000 anakatwa 13, hadi 1,500 anakatwa 23. Wewe hukatwi, lakini mnunuzi wa bidhaa ya 120 atataka umpunguzie hiyo 7. Tena pesa ya biashara inachanganyika na ya karo, na tapeli anaweza kuomba muamala urudishwe akishaondoka na mzigo.

Pochi la Biashara. Ilianzishwa kwa ajili ya wachuuzi wadogo. Mteja anakatwa kama anayetuma kawaida, ila pesa ya kazi hukaa kando, na hawezi kuirudisha bila ridhaa yako.

Till ya Lipa na M-Pesa. Mteja halipi ada. Wewe hukatwi kwa mauzo ya chini ya 200. Yakizidi hapo unakatwa asilimia 0.55. Mauzo ya 300 yanakugharimu 1.65, ya 1,200 yanakugharimu 6.60, ilhali kwa nambari ya kawaida mteja angekatwa 23. Kabla ya kujisajili, uliza ada ya kutoa pesa kwenye Till.

Maana kutoa ndiko kunakouma. Kwa wakala, kutoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 ni shilingi 29. Anayetoa 2,000 kwa mkupuo analipa 29; anayetoa 500 mara nne analipa 116. Anayetoa 200 ameacha asilimia 14.5 kwa wakala. Mwenye kidogo ndiye anayekatwa zaidi.

Sera inaweza kuupunguza mzigo huo wa ada, au kuuongeza. Machi 2020, wakati wa korona, ada za kutuma hadi 1,000 ziliondolewa hadi mwisho wa mwaka. Unafuu uliobaki ni ule wa hadi 100. Kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha ushuru wa huduma za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15.

Ukikopa mtaji kwa simu, linganisha ada pia. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka: mkopo wa 1,000 kwa siku 14 ni shilingi 3 na senti chache, ingawa 50 huwekwa akiba. Fuliza, mkopo wa M-Pesa, hukata asilimia 1 papo hapo, yaani 10 kwa 1,000, kisha ada ya kila siku deni linapoendelea kukaa.

Kwa hiyo, anayeuza vitu vya hadi 100 hana haja ya Till, Pochi inamtosha. Mwenye mauzo ya zaidi ya 100 achukue Till. Na yeyote anayenunua mzigo katika soko la Kongowea amlipe muuzaji wa jumla kwa simu, asitoe pesa taslimu kwanza, kisha pesa za matumizi ya nyumbani azitoe mara moja kwa wiki.