Kibao Kipya, Wateja Wakasirika

Mwenye mgahawa abadilipo kibao cha mlangoni hudhani kwamba anabadili mali yake mwenyewe. Yaliyotokea Marekani mwezi Agosti 2025 yaonyesha kwamba wateja nao hukihesabu kibao hicho kuwa chao. Habari hiyo yafaa isomwe kwa makini na jamaa za askari na polisi wa Gitega na Muyinga, hasa wale wanaoongeza pato la nyumba kwa kupika na kuuza chakula.

Kampuni yenyewe yaitwa Cracker Barrel. Ilianzishwa mwaka 1969 katika mji wa Lebanon, jimbo la Tennessee, na ina migahawa zaidi ya 600, mingi ikiwa kando ya barabara kuu. Barazani hupangwa viti vya kubembea, ukutani hutundikwa vyombo vya kale, na chakula chake ni cha kishamba. Tangu mwaka 1977 nembo yake ilikuwa na picha ya mzee aliyeketi kitini, ameegemea pipa. Tarehe 19 Agosti 2025 ilitangazwa nembo mpya: mzee hayupo, pipa halipo, yamebaki maandishi matupu juu ya rangi ya manjano. Migahawa michache ilikuwa imekwisha kupakwa rangi nyeupe na kupunguziwa mapambo.

Wateja walighadhibika. Katika siku moja thamani ya hisa za kampuni ilishuka kwa dola zipatazo milioni 100. Hata Rais Trump alishauri nembo ya zamani irudishwe, na tarehe 26 ikarudishwa. (Miongoni mwa waliopiga kelele, nadhani, wamo ambao hawakula humo kwa miaka mingi, siasa nayo hupenda kuingia jikoni.)

Hata hivyo, wakuu wa kampuni hawakuwa wendawazimu. Mwaka 2024 walikuwa wameeleza kwamba wateja wamepungua kwa asilimia 16 wakilinganishwa na mwaka 2019. Duka linapopoteza walaji kiasi hicho, mwenyewe hawezi kukaa kimya. Kosa lao, kwa maoni yangu, ni kuanzia kwenye picha. Tena, mwezi Septemba 2025 kampuni ilieleza kwamba wateja walikuwa wamepungua kwa asilimia 8 hivi tangu nembo ile itangazwe. Mzee alirudi kibaoni, lakini walaji hawakurudi mezani kwa haraka.

Karibu nasi, nchini Kenya, KFC ilipatwa na ghadhabu ya namna nyingine mwezi Januari 2022. Viazi vya kukaanga viliadimika kwa sababu shehena kutoka ng'ambo zilichelewa, na wananchi wakauliza kwa nini nchi inayolima viazi ililetewe vya wengine. Wengi walitaka migahawa hiyo isusiwe, na kampuni ikaahidi kutafuta wauzaji wa nchini. Huko jina halikubadilika hata herufi moja.

Tangu Gitega ilipofanywa makao makuu ya siasa mwaka 2019, mwenye kibanda cha chakula mjini hushawishika kuwalenga wageni wa ofisini: kupaka rangi, kuchagua jina la kifahari, kisha kupandisha bei. Muyinga nako malori ya Kobero hupita, na dereva hutambua mahali pa kula kwa rangi ya mlango aliyoizoea. Kabla ya kununua debe la rangi, mama mwenye mgahawa awaulize wale wanaokula kwake kila siku wanafuata nini: maharage, ndagala, au heshima ya kupewa maji ya kunawa kabla ya kuomba? Pengine atagundua kwamba fedha ile ingefaa zaidi kununulia sufuria. Na ikiwa jina halina budi kubadilika, la zamani liachwe chini ya jipya kwa miezi kadhaa, kwa herufi ndogo, ili dereva anayefika usiku asidhani kwamba mama amehama.