Foto ya panorama: kuonyesha mlima mzima bila kudanganya

Wandugu wanafunzi na ninyi wenye mulisha maliza, kwetu Butembo na Lubero mashamba mengi yako kwenye miteremko mikali. Foto ya kawaida inaonyeshaka kipande tu: ao maharagi ya chini, ao mikaratusi ya juu. Lakini udongo wenye mvua inabeba unatoka juu na kujikusanya chini. Mtu mwenye kusoma ripoti yako anapashwa kuona mlima mzima. Hiyo njo kazi ya panorama.

Panorama ni foto kadhaa zenye zimeunganishwa. Telefoni nyingi zinafanya hiyo kazi zenyewe. Unaweza pia kupiga foto 5 mpaka 8, kisha uziunganishe kwenye ordinateri na Hugin, programu ya bure yenye haiombe intaneti wakati wa kazi. Programu inatafuta alama zenye ziko kwenye foto mbili zinazofuatana: jiwe, paa la mabati, mti. Kwa hiyo kila foto irudilie karibu 1/3 ya ile ya mbele yake.

Mambo 4 ya kuchunga:

1. Shika telefoni wima. Utapata mbingu na bonde pamoja.

2. Funga mwangaza: kwenye telefoni nyingi unagusa kioo na kuacha kidole hapo kidogo. Bila hiyo, foto moja inakuwa nyeusi, ingine nyeupe, na mahali pa kuunganisha panaonekana.

3. Zungusha telefoni mahali pake, usiibebe na mkono kama unafagia. Ukisogea, ndizi ya karibu inahama mbele ya mlima wa mbali, na programu inaikata mara mbili.

4. Chagua saa. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya kichwa, kivuli kinapotea, na mlima unaonekana kama uwanja. Asubuhi ao jioni, mifereji ya mmomonyoko inaonekana wazi.

Jua pia kama panorama inapinda mistari. Barabara iliyonyooka inakuwa upinde. Usipime mteremko juu yake. Kwa hiyo kazi, chukua ile miti mitatu ya umbo la A yenye tunatumiaka kutafuta mistari ya usawa.

Sasa, kutengeneza foto. Kunyoosha upeo, kukata pembeni, kuongeza mwangaza kidogo: hakuna shida. Hatari iko kwenye rangi. Ukisukuma kijani ili ipendeze, majani yenye yalianza kuwa manjano yanaonekana mazima, na mwenye kusoma atasema shamba liko salama. Mkulima njo atalipa. Kwa hiyo chunga foto ya asili kila mara, na uandike chini ya foto mambo yenye ulibadilisha.

Faida yake? Angalia Ruwenzori. Mwaka 1906 Vittorio Sella, mpiga foto wa Italia, alipanda kule na msafara wa Duke wa Abruzzi. Foto zake zinatumiwa mpaka leo kulinganisha barafu ya zamani na ya sasa. Barafu ilikuwa karibu 6.5 km² wakati ule. Kufika mwaka 2003 ilikuwa chini ya 1 km². Tarakimu inaeleza, lakini foto mbili za fasi moja zinasadikisha hata mtu mwenye hakusoma.

Sisi tunaweza kufanya vile kwa udongo wetu. Pigilia kijiti, andika tarehe na saa, rudia hapo hapo kila mwaka, mwezi ule ule.

Neno la mwisho ni usalama. Telefoni inaweza kuandika ndani ya foto mahali penye ulisimama. Kama ni shamba la watu wenye walikimbia vita, ondoa hiyo habari mbele ya kutuma. Panorama inachukua pia vitu vyenye hukukusudia: kambi, kizuizi cha barabara, uso wa mtu. Angalia kwanza upande wote, omba ruhusa kwa mwenye shamba na kwa chef wa kijiji, kisha upige.

Nani kati yenu ataanza na mlima wa kwao msimu huu?