Nyongo Si Usemi Tu

Lugha yetu imeitwika nyongo mizigo mingi. Mambo yakiharibika twasema yametumbukia nyongo. Mtu akitapika kwa homa husema nyongo imempanda. Mimi, mwalimu wa isimu, nimezifurahia semi hizi darasani kwa miaka mingi. Lakini shangazi yangu, mwalimu mstaafu, alipolalamika kwamba nyongo yamsumbua, sote nyumbani tulisikia usemi, hatukusikia dalili.

Alimezeshwa dawa za malaria, kisha za vidonda vya tumbo. Miezi ikapita. Macho yalipogeuka manjano, jirani akasema ni homa ya manjano, na hapo tena neno likatuponza: jina hilo hutumiwa kwa maradhi yaenezwayo na mbu, na pia kwa umanjano utokanao na nyongo iliyozibiwa njia. Alipofikishwa kwa daktari wa upasuaji, saratani ya kifuko cha nyongo ilikuwa imekwisha kulifikia ini.

Kifuko hicho kidogo hukaa chini ya ini, upande wa kulia, kikihifadhi nyongo isaidiayo kuyeyusha mafuta ya chakula. Saratani yake ni adimu, na mwanzoni aghalabu haitoi ishara yoyote. Mara nyingine hugunduliwa kwa sadfa, mtu akipasuliwa kwa sababu ya vijiwe vya nyongo. Wagonjwa wake wengi huwa na vijiwe hivyo, ingawa wengi wenye vijiwe hawapatwi na saratani kamwe. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume, hasa uzeeni.

Basi, walimu wenzangu nanyi wanafunzi, dalili ni hizi: maumivu chini ya mbavu za kulia, kichefuchefu na kutapika, kukosa hamu ya chakula na kukonda pasipo sababu, uvimbe tumboni, macho na ngozi kuwa manjano, mkojo kukoza rangi, choo kupauka na mwili kuwasha. Si lazima ziwe za saratani. Zaweza kuwa za vijiwe au za ini. Ndiyo maana hazifai kukisiwa nyumbani. Umanjano, hasa uandamanao na homa, haungoji wiki ijayo. Uchunguzi wa damu na picha ya mawimbi ya sauti ndio mwanzo wa kuujua ukweli.

Marehemu shangazi alinieleza mara tatu mahali panapomuuma, mkono ukiwa pale pale ubavuni. Nami nilikuwa nikisikiliza maneno, sikuutazama mkono.