Hakimu Hana Sindano

Mama yangu anataka hakimu. Kila kaka yangu anapoacha dawa, mama husema korti imwite, imsomee amri ya kumeza vidonge vyake, na akikaidi apelekwe hospitali atake asitake. Tunaishi mtaa wa Tena, ghorofa ya nne, kodi ikitoka kwenye kibanda changu cha M-Pesa. Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha upande wa Mutindwa kabla skizofrenia haijamshika. Amri anayoitamani mama ipo duniani, ila si Kenya.

Tarehe 3 Januari 1999, jijini New York, mwanamke aitwaye Kendra Webdale alisukumwa mbele ya treni ya chini ya ardhi akafa. Aliyemsukuma, Andrew Goldstein, alikuwa na skizofrenia, na alikuwa ameingia na kutoka hospitali mara nyingi. Mwaka huohuo jimbo lilipitisha sheria inayoitwa kwa jina la marehemu. Hakimu humsikiliza daktari, humsikiliza na mgonjwa akiwa na wakili wake, kisha anaweza kuamuru mgonjwa anayeishi kwake afuate mpango wa matibabu: kliniki, dawa, na mtu wa kumfuatilia. Akivunja amri hafungwi, wala hachomwi sindano kwa nguvu. Anachoweza kufanyiwa ni kuchukuliwa hadi hospitali achunguzwe kwa muda usiozidi saa 72.

Uingereza walianza mpango wa kufanana na huo mwaka 2008, ingawa kule amri hutolewa na daktari bila kufika kortini. Profesa Tom Burns wa Oxford alikuwa mmoja wa waliouunga mkono. Yeye na wenzake wakafuatilia wagonjwa 336, baadhi yao wakiwa chini ya amri hiyo na wengine wakiruhusiwa kwenda nyumbani kwa masharti mepesi. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2013: baada ya mwaka mmoja, asilimia 36 ya kila kundi walikuwa wamerudi wodini. Amri haikuwa imepunguza waliorudi hata kidogo. Burns akabadili msimamo wake hadharani, jambo ambalo wataalamu hawalifanyi kila siku.

Kwetu sheria imejua hali mbili tu, ndani au nje. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 iliruhusu ndugu aombe mgonjwa alazwe bila hiari yake, hadi miezi sita, na muda huo ungeweza kuongezwa. Ilimpa pia polisi au chifu uwezo wa kumchukua mtu anayeonekana hatari kwake au kwa wengine na kumfikisha hospitali ndani ya saa 24. Kaka amepita njia hiyo. Chifu aliniandikia barua, akaigonga muhuri, akaniambia, "Mama, akishachukuliwa usilie mbele yake." Nililia. Kaka alishuka ngazi kwa pingu, majirani wamejipanga kila ghorofa kama wanaangalia bi harusi, akapita barabara ya Outering hadi Allsops, kisha Thika Road hadi Mathari, hospitali iliyopokea wagonjwa wa akili tangu 1910. Wiki kadhaa baadaye alirudi akiwa ametulia, amenenepa, ana kadi ya kliniki mfukoni. Kuanzia hapo, kisheria, hakuna aliyepaswa kuja kubisha hodi.

Korti ya Kenya huingilia hasa mtu akishatenda kosa. Kwa miaka mingi, aliyeua akiwa ameugua alihesabiwa ana hatia lakini mwendawazimu, akawekwa kizuizini hadi Rais aridhike. Majaji wa Mahakama Kuu wamesema mtindo huo unakiuka Katiba ya 2010, kwa sababu muda wa mtu kufungiwa unapaswa kuamuliwa na mahakama. Kwa hiyo familia kama yetu hukutana na hakimu pale ambapo tayari kuna maiti.

Sasa kwa nini kaka huacha dawa? Mama anasema ni ukaidi. Mimi nimemwona akishindwa kushika kikombe. Vidonge vya zamani vilimkaza mkono, vikamtoa mate, mpaka akaongezewa Artane ya kulegeza misuli. Nilivikuta vingine vimefukiwa kwenye gunia langu la sukuma wiki kule juu tunakoanika nguo. Nilipomuuliza alinijibu, "Wewe ungemeza kitu kinachokusahaulisha mkono wako uko wapi?" Sikuwa na jibu, na sidhani hakimu angekuwa nalo.

Kilichomtuliza ni Modecate, sindano ya mwezi. Ni dawa nzito iliyochanganywa na mafuta. Sista huivuta polepole kwenye bomba na kuizamisha ndani ya tako. Sista aliyempata alimpunguzia makali kwa kuzungumza na daktari kuhusu kipimo, na kila anapofika humuuliza, "Baba, leo kushoto ama kulia?" Kaka huchagua. Huchechemea hadi stejini, lakini mwezi unaofuata huenda mwenyewe. Mara mbaya ni zile tunazoambiwa dawa imeisha, tukanunue nje. Nisipokuwa na pesa, sindano inachelewa, na sauti zinarudi.

Marekebisho ya 2022 ya sheria yetu yalizipa serikali za kaunti jukumu la kupeleka huduma za afya ya akili katika jamii, na yakaunda mabaraza ya kaunti ya kuzisimamia. Hapo ndipo nguvu iwekwe. New York nayo haikuishia kwenye amri. Iliweka pesa na wafanyakazi wa kuwafuatilia wagonjwa. Hakimu akimwamuru kaka aende kliniki isiyo na dawa, atakayekuwa amevunja amri ni nani? Polisi watamfuata nani?

Siku dawa itakapokuwepo kila mwezi, na sista wa kupanda ngazi za Tena mgonjwa asipofika, nitakuwa tayari kumsikiliza mama kuhusu hakimu wake. Kabla ya hapo nakataa. Kaunti ikitangaza kikao cha wananchi kuhusu bajeti, nenda, inua mkono, uulize fungu la dawa za akili ni shilingi ngapi na zitafikia zahanati zipi.