Buibui Mfuma Shuka: Jinsi ya Kumtambua

Mtu atokaye Dagoretti au Karen asubuhi na mapema kwenda kazini mjini Nairobi, umande ungali majanini, huona tando za buibui zimetandazwa kama shuka zilizoanikwa. Wengi huzipiga fimbo wakapita. Lakini wafumaji wa tando hizo si wa namna moja, na kuna faida kuwajua.

Usitazame utando peke yake. Tazama pia mahali buibui akaapo. Ikiwa shuka ina tundu pembeni mfano wa faneli, na buibui hutoka mbio juu yake, huyo ni buibui wa faneli.

Ikiwa shuka ina matundu madogo yaliyo sawasawa kama chandarua, imeinuka katikati kama hema, na mifuko ya mayai imepangwa juu yake kama shanga, huyo ni buibui wa hema, ambaye wataalamu humwita Cyrtophora citricola. Hupenda miti migumu na yenye miiba, na mara nyingi huishi wengi pamoja.

Mfuma shuka hasa ni wa jamaa ya Linyphiidae. Ni mdogo sana, milimita chache tu. Hukaa chini ya shuka, tumbo juu na mgongo chini. Mdudu akijikwaa katika nyuzi za juu huanguka shukani, naye humwuma kutoka chini na kumvuta. Hupenda mahali pa chini penye unyevu: majani mafupi, takataka za miti, na misitu kama ule wa Ngong Road.

Jamaa hiyo ina aina zaidi ya 4,000 duniani. Bwana Åke Holm wa Uswidi alieleza nyingi za milima ya Afrika Mashariki mwaka 1962. Jina la aina halijulikani kwa macho matupu. Hutakiwa buibui mpevu na hadubini. Ukimhifadhi katika spiriti, andika mahali, tarehe na umbo la utando, maana bila hayo hana faida kwa mtaalamu.

Mkulima naye akumbuke kwamba buibui hawa hawamdhuru mtu, bali hula vidukari na nzi. Watoto wao hupeperushwa na upepo kwa uzi wao wenyewe, wakatua katika shamba jipya. Dawa ikinyunyizwa ovyo huua mlinzi pamoja na mwizi. Basi, acha ukanda wa majani kando ya shamba, upate walinzi wasiodai mshahara.